Socorro kwa manta na papa: nina advansi ila mbizi zangu si nyingi, nilipie au nisubiri?

Chumvichumvi:

Wakuu habari zenu. Rafiki yangu tunayepiga naye mbizi kapata nafasi mbili kwenye boti ya kwenda visiwa vya Revillagigedo kule Meksiko, ile safari ambayo kila mtu anaiita Socorro tu, na ananisukuma nilipie haraka kabla hajachukua mwingine. Video nimeangalia mpaka nimekariri. Sasa shida yangu ni hii: cheti cha mbizi cha advansi, ile ngazi ya pili, ninacho, mita 30 nimeshafika, lakini mbizi zangu nyingi ni za maji ya upole, mchanga unauona pale chini, ukichoka ufukwe uko paleee. Huko naambiwa hakuna ufukwe wala mchanga, ukiangalia chini ni bluu mpaka basi.

Halafu papa. Kwa maneno siwaogopi, ila sijawahi kuwa majini na kundi zima na huyu rafiki yangu anasema usiku wanazunguka boti kabisa. Na hii ya manta, wale taa wakubwa wenye mabawa, kuja wenyewe kukaa juu ya kichwa chako ni kweli au ni maneno ya wauza safari? Mwisho kabisa, mwezi gani mzuri? Bei ni dola elfu nne na ushee na tiketi ya ndege bado, kwa hiyo sio hela ya kwenda kujaribia jaribia.

---

Mzee_wa_Mtungi:

Papa weka mwisho kabisa kwenye wasiwasi wako. Kinachosumbua watu Socorro ni mkondo, mawimbi na hiyo bluu uliyoitaja mwenyewe, maana mtu aliyezoea kuona chini akikosa cha kutazama hajui kama anashuka au anapanda mpaka aangalie kompyuta ya mkononi inayoonyesha kina, na wengi hawaangalii.

Nikuchoree ramani kidogo. Visiwa ni vinne: San Benedicto, Socorro, Roca Partida na Clarión, vyote ni vya volkano. Boti zinatoka Cabo San Lucas au San José del Cabo na kuvuka ni saa 24 mpaka 30 kutegemea bahari imeamkaje. Clarión iko mbali zaidi magharibi kwa hiyo safari nyingi zinaishia hivyo vitatu. Hakuna hoteli, hakuna kijiji cha kusema utashuka ukanywe chai, Socorro kuna kituo cha jeshi la wanamaji basi, na hao wanamaji wanapanda botini kukagua watu na vitu, usishangae ukiona gwanda asubuhi. Unalala botini, unakula botini, unapiga mbizi tatu au nne kwa siku kutoka kwenye boti ndogo ya mpira.

Sasa Roca Partida ndo inayopima watu. Ni jiwe tu katikati ya Pasifiki, urefu wake kama mita mia, limejaa vinyesi vya ndege mpaka limekuwa jeupe. Chini ya maji ni ukuta unaokwenda kilindini ambako wewe na mimi hatuna shughuli. Unajirusha kinyumenyume kutoka kwenye boti ya mpira, unashuka palepale bila kujikusanya juu, maana ukizubaa dakika moja unajichezea na maski mkondo umeshakupitisha jiwe na huko mbele hakuna jiwe lingine. Mtu wa kusema "subirini nisawazishe masikio kidogo" anawaharibia wote mbizi. Kwa hiyo swali lako la kwanza sio idadi ya mbizi, ni je, unaweza kushuka mara moja, ukasimama mita 20 bila kushika kitu, huku unapiga stori na kompyuta yako? Kama ndio, nenda. Waendeshaji wengi wanataka advansi na mbizi 50 hivi, ila kuna watu wana 200 na bado wanapiga mateke kama wanaendesha baiskeli.

---

BintiPomboo:

Nakubaliana na mzee hapo juu, mimi nakujibu ya manta sababu hiyo ndo roho yangu.

Ni kweli wanakuja. Sio kila mbizi, na sio kila manta, lakini pale kuna tabia ambayo sehemu nyingi duniani huipati. Sehemu maarufu ni Boiler pale San Benedicto, ni mlima wa jiwe unaopanda kutoka kilindini na kuishia mita chache tu chini ya uso wa maji, ndo maana mawimbi yanachemka juu yake. Pale manta wanakuja kusafishwa. Kuna samaki wa rangi ya machungwa wanaitwa Clarion, nje ya visiwa hivi kuwapata ni kwa nadra sana, wao wanatoka mbio kwenye jiwe manta akifika wanaanza kumdonoa vijidudu tumboni na kwenye matamvua, na manta anapunguza mwendo mpaka unajiuliza mbona hazami.

Sasa akimaliza hapo, wengine wanahamia kwa wapiga mbizi. Anakuja anapita juu ya mapovu yako, anasimama kabisa, na ukiangalia vizuri unaona ngozi ya tumbo inatetemeka kila kundi la mapovu linapomgonga. Akisogea pembeni unaona jicho. Liko upande wa kichwa, nyuma kidogo ya zile pembe mbili za mdomoni, na linageuka! Linakutazama wewe, linahama linamtazama mwenzako, linarudi. Chini ya tumbo unakuta chazo wawili watatu wamejigandisha wanasafiri bure. Huyu ndo samaki mwenye ubongo mkubwa kuliko samaki wote na ukiwa pale huhitaji mtu akushawishi.

Ukubwa: wanaweza kufika upana wa mita 7, ila wengi utakaokutana nao ni mita 4, 5 hivi. Hana mwiba wa kuchoma kama taa wa mchangani, hana meno ya kukufanya chochote, chakula chake ni vidudu vidogovidogo vinavyoelea. Kuna weupe tumbo na kuna weusi tii mpaka chini, na hao weusi wakitokea kwenye bluu unaona kama kipande cha usiku kimebaki.

Sharti ni moja, USIMFUATE. Ukimpigia mateke kumkimbilia anapiga bawa moja kashaondoka na mbizi ya wenzako wote umeivunja. Wewe kaa sehemu moja, karibu na jiwe lakini bila kulishika, pumua taratibu, mwache yeye aamue. Wanaopata manta wa muda mrefu ni wale waliotulia.

---

Pweza_mvivu:

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Mbona zamani watu walikuwa wanapanda mgongoni mwa hao manta na manta wenyewe walikuwa wanarudi? Picha zipo. Hizi sheria za siku hizi usivae glavu, usiguse, usisogee, mara usipumue, naona wanazidisha. Na kwa hiyo hela bora uende Galápagos kule Ekwado, unapata papa nyundo mamia, papa potwe, pengwini na kasa juu.

---

BintiPomboo:

@Pweza_mvivu picha zipo ndio, na zamani watu walikuwa wanavuta sigara ndani ya ndege pia. Ngozi ya manta ina ute unaomkinga na maambukizi, ukimshika shika unautoa. Na fikiria yule anayevumilia kuguswa unamwona sababu amerudi, aliyechukia amekwenda zake humwoni kwenye picha. Halafu hawa sio dagaa. Jike anabeba mtoto mmoja, mimba inakwenda kama mwaka mzima, na baada ya hapo anaweza kukaa miaka hajazaa tena. Mwaka 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, sababu kubwa ni uvuvi, pamoja na biashara ya yale matamvua yake yanayouzwa Asia kama dawa. Kwa hiyo kale kasheria ka glavu ni kwamba ukiwa mikono mitupu unafikiri mara mbili kabla ya kushika jiwe au mnyama. Ni sheria ya hifadhi, siyo ya divu masta, yule kiongozi wa mbizi, kukukomoa.

---

Mzee_wa_Mtungi:

Na hiyo hifadhi usiichukulie poa. Ile sehemu ilitangazwa hifadhi ya biosfera 1994, UNESCO wakaiweka urithi wa dunia 2016, na Novemba 2017 serikali ya Meksiko ikaifanya hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba kama 148,000, uvuvi wa aina yoyote marufuku. Wenye meli za jodari walipiga kelele wakasema watafilisika, na 2023 watafiti wakatoa utafiti uliofuatilia meli zenyewe kwa setilaiti wakakuta samaki wanaovuliwa hawajapungua. Hao papa na jodari wa kukuzidi kimo unaowaona kwenye video ndo matunda yake.

Kuhusu Galápagos, kusini kwake ni kwingine ila visiwa vya Darwin na Wolf kule kaskazini ndo kwenye papa nyundo, na kule mkondo sio wa kumpeleka mtu ambaye anauliza swali kama la huyu ndugu yetu. Unajishikilia kwenye mawe na bado miguu inapepea. Papa potwe ni Juni mpaka Novemba, na maji ya baridi. Lile tao la jiwe la Darwin lenyewe lilianguka Mei 2021 zimebaki nguzo mbili. Kisiwa cha Cocos cha Costa Rica nacho nzuri sana kwa nyundo, ila kuvuka ni kama saa 36. Kwa manta wa karibu, wa kukaa nao, Socorro haina mpinzani kwa upande ule wa Pasifiki.

---

Kina30:

Nimeona hakuna aliyejibu vizuri ya papa kwa hiyo ngoja nimwage.

Wale utakaowaona wengi Roca Partida ni papa wadogo wenye ncha nyeupe kwenye mapezi, wamelala kwenye vishubaka vya ule ukuta wamerundikana kama viatu mlangoni mwa msikiti. Wanaweza kulala sababu wanajisukumia maji kwenye matamvua kwa mdomo, hawahitaji kuogelea muda wote ndo wapumue. Usiku wanaamka kuwinda. Mchana hawana habari na wewe kabisa. Halafu kuna papa wa Galápagos na wale wenye kingo za fedha, hao ni wakubwa, wanapita kwa mwendo wa mtu mwenye shamba lake, anakuja anakuangalia mara moja anaendelea. Wewe mwangalie na wewe, usimpe mgongo, usipapase mikono. Hao wanaozunguka boti usiku ni papa hariri, wanafuata samaki wadogo wanaovutwa na taa za boti. Unakaa sitaha na chai yako unawatazama, hakuna mtu anakutupa humo.

Sasa anayenipa wasiwasi mimi ni papa nyundo, na si kwa sababu ya meno. Nyundo ni mwoga, mapovu yanamkera, anakaa kwenye maji ya baridi huko mita 30 na kushuka. Pale Canyon, San Benedicto, unakaa kwenye kingo ya mteremko unasubiri, unaona kivuli kimoja, viwili, halafu kundi, na wako mita kumi tu chini yako... Hapo ndo watu wanajisahau. Kila mtu anashuka kidogo kupata picha, kidogo tena, akishtuka kompyuta inapiga kelele yuko 38. Na botini mnatumia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, kila siku sababu mbizi ni nyingi, na naitroksi ya oksijeni asilimia 32 ukomo wake ni kama mita 34 kwa shinikizo la oksijeni la 1.4. Chini ya hapo oksijeni yenyewe inakuwa sumu, na ile sumu inaweza isikupe dalili yoyote, unapata degedege ukiwa na regyuleta ya kupumulia mdomoni, mchezo umeisha. Kwa hiyo kubaliana na mwenzako juu kabisa, kabla ya kuvaa mtungi, kwamba ukomo ni mita fulani na nyundo akishuka mnamwambia safari njema.

Kingine, chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo, ule wa kupanda juu haraka, iko Cabo huko mlikotoka. Maana yake ni zaidi ya siku nzima ya boti. Bima ya mbizi sio hiari kwenye safari hii, na usiisome juu juu, angalia kama inalipa uokoaji wa baharini mbali na pwani.

---

Chumvichumvi:

Dah, asanteni sana, nimejifunza zaidi ya video zote. Sasa @Kina30 umenitisha kwenye nyundo badala ya papa wengine 😅. Maswali mawili ya mwisho: mwezi, maana nafasi zilizopo ni za Novemba mwishoni na Machi, bei sawa. Na mimi naugua bahari, natapika, sio kidogo, hiyo ya saa 24 mpaka 30 inanitoa jasho kuliko papa.

---

BintiPomboo:

Msimu wenyewe ni Novemba mpaka Mei, wengine wanagusa Juni, hapo katikati ya mwaka ni vimbunga boti haziendi. Manta wapo msimu wote kwa hiyo hapo usipate presha. Tofauti ni hivi: Novemba maji bado ya uvuguvugu, 26 mpaka 27 hivi, na kuna nafasi ya papa potwe. Machi maji yamepoa mpaka 21, 22, unahitaji suti ya milimita 5 kwenda 7 na kofia, ila una nyangumi wa nundu. Wanakuja kuzalia na kulea pale kuanzia Januari mpaka Aprili na hata usipowaona unawasikia, mbizi nzima wanaimba, sauti inakupitia kifuani. Mimi ningechagua Machi kwa ajili ya hao. Lakini mimi sisikii baridi.

---

Mzee_wa_Mtungi:

Kwa huyu, Novemba. BintiPomboo samahani. Mtu ambaye bado anatafuta utulivu wake majini ukimvalisha milimita 7 inabidi umwongezee vyuma vya uzito vya kiunoni, uelea wote unabadilika, anakaa siku mbili anapambana na suti badala ya kuangalia manta. Na baridi inakula hewa, mtungi unaisha mapema. Maji ya uvuguvugu, suti aliyoizoea, basi.

Kuhusu kutapika: dawa inywe kabla boti haijaondoka bandarini, sio ukishaanza kuona nyota. Na uijaribu nyumbani kwanza, kuna zinazoleta usingizi mzito ambao hutaki uwe nao mita 25. Omba kyabini ya chini katikati ya boti, huko mbele unarushwa kama mahindi ya bisi. Mara nyingi shida ni huko kuvuka, ukishatia nanga nyuma ya kisiwa inatulia, isipokuwa Roca Partida ambako hakuna nyuma ya kitu, mnalala mkiyumba.

Kurudi usihesabu kama adhabu, zile saa za kuvuka ndo zinakupa pumziko la kupanda ndege. Baada ya siku kadhaa za mbizi mfululizo inashauriwa upumzike angalau saa 18, wengi tunafanya 24, na mkifika bandarini karibu zote zimeshapita.

---

Pweza_mvivu:

Haya mimi nimeshindwa kwa hoja, nimeanza hata kuangalia bei. Ila swali, boya la ishara, lile la kuonyesha boti ulipo, kila mtu anabeba lake au la divu masta linatosha?

---

Kina30:

Kila mtu lake, na ajue kulitumia. Mkondo ukikutenganisha na kundi unapanda mpaka mita 5, unakaa zako dakika tatu, na boya unalirusha ukiwa bado huko chini ili boti ya mpira ikuone kabla kichwa chako hakijatoka. Kwenye mawimbi ya mita mbili kichwa cha mtu hakionekani hata mita hamsini. Chukua refu, la rangi ya machungwa au njano, na filimbi. Boti nyingi zinagawa na kifaa cha GPS cha kubeba, uliza kabla hujalipa, wakikujibu kwa kubabaika tafuta boti nyingine.

@Chumvichumvi kabla ya Novemba tafuta sehemu yenye mkondo wa wastani ufanye mbizi kadhaa bila kushika kamba, ujirushe kinyumenyume ushuke moja kwa moja, na hilo boya ulirushe kila mbizi mpaka uache kujifunga na uzi wake. Kila mtu anajifunga mwanzoni.

---

Chumvichumvi:

Sawa wakuu. Nimemwambia rafiki yangu Novemba, kanuna sababu alitaka nyangumi, ila kakubali akisikia ya milimita 7. Yeye ndo anabeba kamera, mimi nimekataa nisije nikamfuata nyundo.